Fundi, niikate Honda ya mzee iwe kafe resa?

"Shikamoo fundi. Mzee wangu alikuwa bwana shamba huku Morogoro, sasa kastaafu na kanipa Honda yake CG125 ya mwaka 1982. Imekaa stoo kama miaka 9, kiki inashuka vizuri ila sijajaribu kuiwasha. Nimeona picha za kafe resa nikachanganyikiwa kabisa, na mimi nataka yangu. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani anasema siku mbili tu kazi imeisha, anakata chesesi nyuma ya tangi, anapinda bomba, anaweka kisiti. Mpango wangu nitoe boksi la eakilina niweke filta ya koni, eksozi fupi niizungushie ile bandeji, usukani wa chini, tairi nene, na nikipata hela nifunge injini ya 200. Itafika 140? Au bora niuze tu nichukue pikipiki mpya? Hela sina nyingi. Halafu wife anauliza yeye atakaa wapi."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka hapo kwa shemeji, ya pili nikashtuka, maana kwenye mistari hiyo michache umetaja karibu kila kitu ambacho huwa naletewa gereji kikiwa kimeshaharibika. Sikulaumu, na mimi nilianzia hapohapo. Pikipiki yangu ya kwanza kuikata ilikuwa Honda kama yako, nikaikata usiku kwa grinda ya kuazima, asubuhi nikaitazama nikajiona bingwa, wiki ya tatu nikapita kwenye shimo moja siti ikalala kwenye tairi nikiwa juu yake. Suruali ilichanika mahali pabaya. Kwaiyo haya ninayokwambia sijayasoma tu mahali.

Kwanza tuelewane kafe resa ni nini, manake picha zinadanganya. Hawa walikuwa vijana wa Uingereza miaka ya 50 na 60, wanakutana kwenye migahawa ya barabarani, maarufu kuliko yote ni Ace Cafe ya London iliyofunguliwa 1938, ikapigwa bomu wakati wa vita, ikajengwa upya 1949. Vijana hawakuwa na hela ya pikipiki za mashindano, wakachukua za kwao za kwendea kazini wakaanza kutoa uzito, kushusha usukani, kurudisha vikanyagio nyuma ili mwili ulale upepo upite juu. Ndoto yao ilikuwa kugusa maili 100 kwa saa, yani kilomita 160. Ukiangalia vizuri, kila walichofanya kilikuwa na sababu ya mwendo au ya breki au ya kona. Yale ya kukata mkia na kuvisha eksozi bandeji ili ipendeze kwenye picha yamekuja baadae sana, na mengi yanaifanya pikipiki iende vibaya kuliko ilivyotoka kiwandani.

Sasa turudi kwa CG ya mzee, sababu hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. Hiyo pikipiki haikuchorwa kwa ajili ya Uingereza wala Japani. Miaka ya 70 Honda walituma wahandisi wao kwenye nchi zinazoendelea waone watu wanazitumiaje pikipiki, wakakuta mambo unayoyajua: mzigo kupita kiasi, oili haibadilishwi, eakilina haijawahi kusafishwa, cheni imelegea mpaka inagonga. Ile CB125 ya wakati huo kamshafti yake (ile fimbo inayofungua valvu) ilikuwa juu kwenye silinda hedi, inataka oili safi na ya kutosha, ukiizembea inakula. Wakatengeneza CG, ikatoka 1976, kamshafti wakaishusha chini karibu na krenki, inazungushwa na gia badala ya cheni ya taimingi, valvu zinasukumwa na fito mbili nyembamba zinazopanda juu. Cheni ya nyuma wakaifungia ndani ya boksi la bati. Ukisema vizuri, walimchorea bwana shamba. Na sasa angalia orodha yako: unataka kutoa boksi la hewa, ukiendelea hivyo na boksi la cheni utalitoa, na madigadi, ndo vitu vilevile vilivyowekwa pale kwa sababu ya vumbi na matope ya barabara kama za kwenu. Sisemi usitoe. Nasema kila unachotoa ujue kilikuwa kinafanya kazi gani, na hiyo kazi sasa ataifanya nani.

Haya tuanze na huyo fundi wa siku mbili. Mweleze asubiri kwanza, mpe hata soda.

Chesesi ya nyuma ina sehemu mbili ambazo kwa macho zinafanana ila kazi zake ni tofauti kabisa. Tafuta pale shokapu za nyuma zinapofungwa kwa juu. Kuanzia hapo kurudi nyuma, bomba linabeba siti, taa, namba na madigadi, basi. Kuanzia hapo kwenda mbele, bomba ndo linalobeba wewe na kila pigo la barabara. Tairi ikiingia shimoni halafu ikagonga ukingo, ile nguvu yote inapanda kwenye shokapu inaenda kusukuma hiyo bolti ya juu, na inasukuma kwa nguvu kubwa kuliko uzito wako ukiwa umekaa tu. Wahandisi wakaweka pale pembetatu za bomba na vipande vya bati vya kuunganishia ili nguvu igawanyike iende mpaka chini ya tangi na kwenye ekseli ya swingamu, ule mkono unaoshika tairi ya nyuma. Ukikata mbele ya hiyo bolti, au ukikata vile vibati vya pembeni sababu "vinaharibu mstari", umevunja pembetatu, na kilichobaki ni fimbo imetoka hewani inapigwa kila siku. Haitavunjika siku ya kwanza. Itapasuka taratibu pembeni ya weldi, chini ya rangi, hutaona, mpaka siku yenyewe.

Na hilo "bomba la kupinda" muulize ni bomba gani. Nauliza sababu nimeshaona kafe resa zaidi ya moja zimeungwa na bomba la maji, lile la mabati. Lile halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na ule mng'ao wake ni zinki, ukiichomelea inatoa moshi mweupe mbaya sana kwa mapafu, fundi anaumwa usiku anadhani ni malaria. Bomba likatwe nyuma ya bolti ya shokapu, acha hata vidole vinne vitano vya bomba la zamani, kile kipande kipya cha duara, kinachofunga mkia kwa nyuma, kiwe na upana uleule na unene uleule, na ndani yake kipitishwe kipande kingine cha bomba kinachoingia kwa kubana pande zote mbili, kitobolewe tundu pembeni kichomelewe hapo pia, ndo umalizie weldi ya kuzunguka. Kabla hajawasha mashine toa betri na chomoa nyaya, na tangi liende nje kabisa, mbali, sababu tangi lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa. Na kama tangi lenyewe lina tundu, asikuambie mtu ataliziba kwa weldi hapohapo mtaani. Watu wamekufa kwa hilo.

Ila ukiniuliza mimi, usikate kabisa. Namaanisha. Siti unaweza kuijengea sahani yake ya faiba au bati la milimita 2, ikafungwa kwenye matundu yaleyale ya siti ya zamani, kimkia kikafunika mabomba ya nyuma yasionekane. Kwa mtu anayepita barabarani hakuna tofauti. Kwa wewe tofauti ni kwamba siti ya mzee, madigadi na vyote vinaingia kwenye kiroba vinakaa stoo, siku ukibadili mawazo unafungua bolti nne unarudisha. CG za 1982 zilizo kamili hazitengenezwi tena mdogo wangu, kila mwaka zinapungua.

Ukiamua kukata bado, kuna jaribio moja fanya kabla ya rangi. Toa shokapu zote mbili za nyuma, nyanyua tairi kwa mkono mpaka umbali wa kati ya bolti ya juu na ya chini uwe sawa na shokapu iliyobonyea mwisho kabisa. Hapo tazama tairi iko wapi. Kama inagusa duara, au nyaya za taa, au sahani ya siti, basi ndo hivyohivyo itakavyogusa ukiwa mwendo wa 80. Hili jaribio lingeokoa suruali yangu.

Filta ya koni sasa. Watu wanaamini ukitoa boksi injini "inapumua" ndo inapata nguvu. Iko hivi: kabureta haisukumi petroli, petroli inavutwa. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo la kabureta, presha pale inashuka, petroli inapanda kutoka kwenye bakuli kupitia jeti, yani kile kitundu kidogo kinachopima petroli. Lile boksi la eakilina na mpira wake vinaizuia hewa kidogo, na jeti ya kiwandani ilichaguliwa ikijua kizuizi hicho kipo. Ukikitoa, hewa inapita kirahisi, ule mvuto kwenye jeti unapungua, petroli inayopanda haitoshi kwa hewa iliyoingia. Mchanganyiko unakuwa mwepesi. Injini inawaka vizuri ikiwa silensa (inanguruma bila kuvuta gesi), ukivuta gesi inasita, inapiga piga mafyatuko kwenye eksozi ukiachia (na watu wanafurahia huo mlio eti resa!), huku inapata joto kupita kiasi. Injini ya kupozwa na upepo, jua la saa nane, mchanganyiko mwepesi, mlima... piston inaanza kubana.

Bahati yako kabureta ya CG ya zamani ni ya slaidi inayovutwa na waya moja kwa moja, haisumbui kama zile za diaframu. Ukiongeza jeti kubwa namba moja, ukajaribu, ukaongeza nyingine, utafika. Jinsi ya kujaribu: tafuta mlima mrefu kiasi, gia ya juu, gesi yote kwa sekunde kadhaa, halafu zima swichi na bana klachi palepale, usiiache inguruma, simama pembeni uchomoe plagi. Nyeupe kama chaki, petroli haitoshi. Masizi meusi makavu, imezidi. Unataka ile rangi ya chai ya maziwa, japo kwa petroli za siku hizi rangi inakuwa hafifu, itafute chini kabisa kwenye kauri, kwa ndani. Na bado kuna vumbi. Koni za bei rahisi zinazouzwa kwenye maduka ya spea nyingi ni kawavu tu ka urembo, ukiweka mwanga nyuma yake unaona upande wa pili. Kama unapita barabara ya vumbi kila siku, silinda na ringi zitaliwa haraka, na mvua ikinyesha hakuna madigadi ya kuzuia maji yanayorushwa na tairi moja kwa moja kwenye koni. Ushauri wangu, acha boksi la mzee mahali pake, nunua eakilina mpya, funga kifuniko cha pembeni kizuri cha kuchora namba. Utapoteza picha moja utapata injini.

Bandeji ya eksozi sitaki kuiongelea sana. Inashika maji, bomba linaoza kwa ndani ya bandeji, basi. Eksozi fupi weka ukipenda ila iwe na kizuia sauti ndani, na ujue hiyo nayo inabadilisha mchanganyiko kama nilivyoeleza hapo juu. Halafu majirani wa Morogoro na wao ni watu.

Itafika 140? Hapana. Nakwambia sasa ili usije ukanichukia baadae. Injini hiyo ni silinda moja ya sisi (cc) 124, ikiwa mpya kabisa inatoa nguvu farasi kama 11, ikiwa nzima na barabara tambarare na umejilaza itakupeleka kwenye 100 hivi, labda na kidogo. Tatizo ni upepo. Ukiongeza mwendo, nguvu inayotakiwa kupasua upepo haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mwendo uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Kutoka 100 kwenda 140 ni mara 1.4, sasa zidisha 1.4 kwa 1.4 kwa 1.4 unapata kama 2.7. Yani ili ufike 140 unahitaji karibu farasi 30. Zile za wazungu za 160 ndo kabisa, ni mara nne na zaidi. Hakuna filta wala eksozi inayokupa hiyo kwenye sisi 125, na zile fito za kusukumia valvu hazipendi mizunguko mikubwa, ukilazimisha valvu zinachelewa kurudi. Kitu pekee kinachokupa mwendo bure ni kujikunja na kutoa uzito. Ukipenda safari ndefu ongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele, injini itapumzika ukiwa 80, ila milimani utaijutia kidogo.

Injini ya 200 najua inakuvutia maana zipo nyingi, na hizi za Kichina za fito ni watoto wa CG hiyohiyo, mara nyingi matundu ya kufungia yanakaribiana. Inawezekana, nimeshafunga. Ila pima kwa rula kabla hujatoa hela, matundu, mstari wa cheni, na upana wa krenkesi, usimwamini muuzaji anayesema "inaingia tu hiyo". Halafu kadi ya pikipiki ina namba ya chesesi na namba ya injini. Ukibadilisha injini bila kwenda TRA kurekebisha taarifa, siku umesimamishwa namba hazifanani na kadi, utajieleza mpaka jioni, na siku ya ajali bima wana sababu nzuri ya kukukatalia. Na kama kadi bado ina jina la mzee, anza na hilo akiwa bado yupo na nguvu za kusaini. Jingine ni breki: ngoma ndogo ile ya mbele ilikadiriwa kusimamisha farasi 11. Ndo maana sitaki uanze na injini.

Unaanza na nini basi? Unaanza na kuifanya iwake na isimame, ikiwa vilevile ilivyo, bila kukata hata waya. Najua haisisimui.

Miaka 9 stoo, usiipige kiki kwa hasira. Chomoa plagi, tia vijiko viwili vya oili safi kwenye tundu, iache ikae hata usiku mmoja, halafu shusha kiki taratibu kwa mkono mara kadhaa plagi ikiwa nje. Mwaga petroli ya zamani, itanuka kama rangi. Fungua kabureta utakuta utomvu wa kahawia kwenye vijeti, safisha kwa upepo na dawa yake, usitumie sindano ya chuma maana ukipanua tundu la jeti umeshabadilisha kipimo. Oili mpya, kama lita moja tu inaingia, na hii injini haina filta ya oili ya kubadilisha kama gari, ina kichujio cha wavu chini na kikombe kinachozunguka upande wa klachi kinachokamata uchafu, fungua visafishe vyote viwili, nakuhakikishia utakuta tope. Valvu pima injini ikiwa baridi, milimita 0.08 kwa zote mbili. Plagi iwe mpya, uwazi 0.6 mpaka 0.7. Za miaka hiyo nyingi zina platini za kukatia moto na umeme wa volti 6, zisafishe kwa msasa laini sana au nunua mpya, na usije ukafunga betri ya volti 12 kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani, haitachajiwa kamwe. Ukitaka kwenda 12 wapo mafundi wanaosuka upya koili za magneti, ni kazi ya fundi umeme anayejua, siyo ya kubahatisha.

Ikiwaka, isikilize. Kutikatika kwa valvu kwa juu ni kawaida ya CG. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, kama mtu anapiga mlango kwa ngumi, hiyo ni beringi ya konrodi, zima, usiendelee kujaribu. Moshi wa bluu usiokoma baada ya dakika kumi, ringi au silinda. Hapo sasa ndo pa kuacha kusoma majibu ya watu kama mimi, peleka injini kwa fundi mwenye sehemu ya kuchonga, apime silinda kwa kipimo siyo kwa kidole.

Breki fungua zote mbili. Brekishuu za miaka 9 zinakuwa ngumu na kung'aa kama kioo, kuzipiga msasa haitoshi, badilisha. Ngoma ikiwa imeoza kwa ndani au siyo duara tena (utahisi inavuta inaachia, inavuta inaachia), peleka ikachongwe kidogo. Na hapa kuna siri ndogo ya breki za ngoma: ukishabana breki mpaka mwisho, ule mkono mdogo wa kwenye ngoma unaovutwa na waya uwe umesimama karibu nyuzi 90 na waya. Ukiwa umepitiliza, unavuta kwa nguvu zote ila nguvu nyingi inapotea. Unausogeza jino moja kwenye msumari wake, bure, na watu wengi wanashangaa breki zimerudi. Tairi nazo angalia ubavuni kuna kiduara chenye namba nne, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta 3209 hiyo ni wiki ya 32 mwaka 2009. Haijalishi ina meno kiasi gani, toa. Ukikuta namba tatu tu, hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, weka ukutani pambo.

Tairi nene acha. Rimu za CG ni nyembamba, ukilazimisha tairi pana linabanwa linakuwa mviringo kama yai, usukani unakuwa mzito, kona pikipiki haitaki kulala, na wakati mwingine linasugua cheni. Wale vijana wa London tairi zao zilikuwa nyembamba. Chukua saizi iliyoandikwa kwenye tairi za zamani, au iliyofuata juu yake, lenye mistari ya lami, inatosha na inapendeza. Ukiwa hapohapo badilisha bushi za swingamu na beringi za usukani. Ukinyanyua mbele, usukani ukigeuza ukasikia kama unakwama katikati, beringi zimeshajichimbia. Pikipiki nyingi zinazoitwa "inayumba" haziumwi kitu kingine. Madigadi ya mbele nayo ukitaka yafupishe, ila kile kibati kinachounganisha miguu miwili ya shokapu kibaki, kinaishika miguu isipinde kila mmoja na njia yake.

Usukani wa chini una njia mbili. Kuna ile ya vipande viwili inayobana kwenye shokapu za mbele, na kuna bomba moja lililopindwa kama herufi M linalokaa kwenye vishikio vyake vya kawaida. Kwa CG nasema M, bei rahisi, hupimi kipenyo cha shokapu (na hiyo ya vipande ikiwa kubwa hata kidogo watu wanajazia kibati cha kopo, Mungu wangu), na ukichoka unaligeuza juu. Ukishalifunga geuza kushoto na kulia mpaka mwisho, kidole gumba kisibanwe kwenye tangi. Halafu washa injini ikiwa silensa, geuza tena huku na huku, mlio ukipanda ujue waya wa gesi umekuwa mfupi au umepita pabaya. Hilo si dogo, fikiria inajiongezea yenyewe ukiwa unakata kona.

Na vikanyagio? Ukishusha usukani miguu ikabaki mbele, mgongo unakunjika kama herufi C na viganja vinabeba uzito wote, dakika ishirini vidole vimekufa ganzi. Kuvirudisha nyuma sana kwenye CG kunataka fito za kuunganisha gia na breki, na ukikosea upande gia zinageuka, ya kupanda inakuwa ya kushuka, ambayo kwa mtu aliyezoea ni mtego. Kwaiyo mimi nashusha usukani kiasi tu, vikanyagio naviacha au navisogeza kidogo. Kaa juu yake, mtu akushikie, funga macho, nyoosha mikono kama unavyojisikia, pale inapofika ndo pa usukani. Kila mtu na mwili wake.

Uuze au uendelee? Kwa hesabu ya hela peke yake, uza. Hutarudisha hela utakayoweka humu, na kama unataka pikipiki ya kwenda kazini kila siku kesho asubuhi, 125 mpya ya Kihindi itakupa raha zaidi. Ila hukuniuliza kama mtu anayepiga hesabu, umeniuliza kama mtu aliyepewa pikipiki ya baba yake. Basi ifanye polepole, wikiendi kwa wikiendi, hela ya kwanza breki na tairi, ya pili injini na nyaya, itakayobaki ndo siti na rangi. Ukiishiwa katikati, utakuwa na CG nzima inayotembea, siyo chesesi iliyokatwa imelala kwenye kona ya stoo na tangi lake limewekwa juu ya kabati. Hizo za pili nazijua nyingi mno.

Kwa mikono ya kukusaidia, mwenye kuchomelea mkague kwanza kwa kazi aliyowahi kufanya ya pikipiki, siyo mageti. Kama kuna chuo cha VETA karibu nenda kaongee na walimu wa karakana. Na ukiona ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, kwenye shingo ya chesesi pale usukani unapoingia, usichomelee juu juu wala usiulize mtandaoni, ipeleke ikaangaliwe na mtu aliyeishika kwa mikono.

Shemeji mwambie hivi: siti ijengwe ndefu kidogo, kile kinundu cha nyuma kiwe kofia inayofungwa kwa bolti mbili, na vikanyagio vya abiria usivitoe. Jumamosi kofia ipo unaringa mjini peke yako, Jumapili unaitoa, anakaa. Ila ukikata chesesi kama fundi wako anavyotaka, hapo pa kukaa hatakuwa napo, na hilo utalieleza mwenyewe. Mimi simo.

Nitumie picha ya upande wa nyuma, pale shokapu zinapofungwa juu, kabla grinda haijachomekwa. Na muulize mzee mara ya mwisho alibadilisha oili lini, mabwana shamba wengi walikuwa wanaandika kwenye daftari.